Kurudi Kazini Baada ya Miaka Mingi: Kilichokatika ni Ushahidi

Dada yangu alipoamua kurudi kazini, jambo la kwanza alilofanya ni kufungua CV yake ya zamani. Faili lilikuwa halijaguswa kwa miaka 9. Nilikaa pembeni yake tukaisoma mstari kwa mstari. Shahada ipo. Cheti cha uhasibu kipo. Miaka 11 ya kazi, kuanzia karani wa hesabu hadi mhasibu mwandamizi, yote ipo. Tukashuka hadi chini kabisa, kwenye wadhamini. Wa kwanza alishastaafu na namba yake haipatikani. Wa pili alifariki. Wa tatu alikuwa meneja wa kampuni iliyokwisha kununuliwa na nyingine, hata jina lake halitumiki tena. Dada akasogeza kiti nyuma, akasema, "Kwa hiyo hakuna hata mtu mmoja wa kusema kwamba niliwahi kufanya kazi."

Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu naamini aligusa penyewe. Mtu aliyekaa nje ya ajira muda mrefu hudhani tatizo lake ni moja: nimesahau. Mwajiri naye hudhani ni moja: huyu amepitwa na wakati. Ukikaa na jambo hili ukalifumua, unakuta nyuzi kadhaa zimefungwa kwenye fundo lilelile. Upo ujuzi wenyewe, upo ushahidi kwamba unao, na upo moyo wa mtu wa kujiamini. Ujuzi hupungua polepole na hurudi haraka. Ushahidi hukatika upesi na haurudi wenyewe. Moyo nao hufuata ushahidi: ukiwepo unasimama, usipokuwepo unayumba. Wengi hutumia miezi wakivuta uzi wa ujuzi, kozi juu ya kozi, na ule uliokatika hawaugusi.

Kwanza tuwajue wanaoondoka. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu milioni 748 wenye umri wa miaka 15 na zaidi walikuwa nje ya soko la ajira kwa sababu ya kulea na kuuguza, na kati yao milioni 708 ni wanawake. Wengine huondoka kwa maradhi yao wenyewe, au kwa kumfuata mwenzi aliyehamishwa, au hupunguzwa kazi kisha mwaka ukazaa mwaka. Tunaliita jambo hili "mapumziko ya kazi", na neno hilo hunikera. Dada yangu alimuuguza mama yetu aliyepooza upande mmoja, huku akilea watoto wawili. Katika miaka hiyo 9 sikumwona akipumzika.

Sasa ujuzi, maana ndio unaowatia watu hofu kubwa kuliko inavyostahili. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akaziacha zisahaulike, kisha akazikariri upya huku akipima muda. Kusahau kulikwenda kasi sana mwanzoni. Lakini alipojifunza tena orodha ileile, alitumia muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kitu kilichowahi kuingia kichwani huacha alama, na alama hiyo hufanya kazi hata kama mwenyewe haioni.

Karibu karne moja baadaye, mwaka 1982, wachumi Jacob Mincer na Haim Ofek walikuta jambo linalofanana na hilo kwenye mishahara ya wanawake wa Marekani waliokatisha kazi. Waliporudi walilipwa chini ya walivyoacha, na aliyekaa nje zaidi alishuka zaidi. Kisha mshahara ulipanda haraka katika miaka ya mwanzo baada ya kurudi. Maelezo yao ni kwamba kuurejesha ujuzi uliolala ni kazi nyepesi kuliko kuujenga kuanzia chini. Hili ningependa kila anayerudi alijue kabla hajatoa fedha yake kwa chuo chochote.

Hii haimaanishi kwamba kila kitu kinakungoja pale ulipokiacha. Kazi yoyote ina msingi wake na ina vifaa vyake. Tuchukue uhasibu. Kanuni ya kuandika kila muamala pande mbili ilichapishwa na mtawa Luca Pacioli kule Venice mwaka 1494, na ndiyo tunayoitumia mpaka leo. Dada hakuisahau. Ila alipokuwa nje, viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha vilibadilika. Kiwango kiitwacho IFRS 16, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, kinaitaka kampuni iliyopanga jengo au kukodi mashine iingize karibu kila mkataba wa namna hiyo kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni yake, upande mmoja kama mali na upande wa pili kama deni. Zamani mikataba mingi ya aina hiyo ilihesabiwa kuwa gharama ya mwezi, ikaishia hapo. Mhasibu aliyeondoka kabla ya badiliko hilo akishika mizania ya leo anakuta deni asilojua limetokea wapi, na hapo ndipo moyo unapoanza kumdunda.

Dada alilielewa jambo hilo kwa jioni nne za kusoma na kukokotoa mifano kwa mkono. Mwanafunzi mgeni angehitaji muda mrefu zaidi, kwa kuwa angeanza kwanza kujifunza mizania ni kitu gani. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: tangu nilipoondoka, ni mambo gani hasa yamebadilika kwenye kazi yangu? Mtafute mtu aliye ndani ya kazi hiyo hivi sasa, umwombe nusu saa. Atakutajia mambo matano au sita, na hayo ndiyo ya kujifunza. Ukimuuliza anayeuza kozi, atakutajia 30.

Tumtazame mwajiri sasa, kwa kuwa hapa ndipo fundo lilipokazwa. Watafiti Kory Kroft, Fabian Lange na Matthew Notowidigdo walituma maombi ya kubuni yapatayo 12,000 kwa nafasi kama 3,000 zilizotangazwa Marekani, wakibadilisha muda ambao mwombaji amekaa bila kazi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba nafasi ya kuitwa kwenye usaili ilishuka sana kadiri muda ulivyozidi, na mteremko huo ulikuwa ndani ya miezi 8 ya mwanzo. Miezi 8 haimsahaulishi mtu kazi yake. Tena mteremko ulikuwa mkali zaidi katika miji yenye ajira nyingi. Kama mwajiri angekuwa anaogopa ujuzi uliochakaa, hali ya soko isingekuwa na uzito huo. Anachofanya ni kukisia: kama kazi ziko tele na huyu bado hana, wenzangu wameona nini kwake?

Utafiti wa mwanasosholojia Kate Weisshaar wa mwaka 2018 unalisogeza jambo hili karibu zaidi. Naye alituma maombi ya kubuni kwa waajiri wa Marekani. Wengine walionekana wako kazini, wengine wamepoteza kazi, na wengine wameacha kazi kwa hiari ili kulea. Akina mama waliokuwa kazini waliitwa kwa asilimia 15.3, waliopoteza kazi asilimia 9.7, walioacha ili kulea asilimia 4.9. Kwa akina baba ilikuwa 14.6, 8.8 na 5.4. Aliyepoteza kazi na aliyeacha kulea walikuwa na pengo la urefu uleule, kwa hiyo kama ni kutu ya ujuzi, imewala sawasawa. Lakini yule wa pili aliitwa takriban nusu ya mwenzake. Kinachopimwa pale ni utayari: je, huyu kazi ataitanguliza, au akipigiwa simu na nyumbani ataondoka tena?

Mimi hasira yangu kwa waajiri imepungua tangu nilipolielewa hili, ingawa haijaisha. Mtu mwenye rundo la maombi mezani hana jicho la kuona moyoni mwa mwombaji. Anashika alama yoyote iliyo karibu, na pengo la miaka ni alama inayoonekana kwa urahisi. Kamba hukatikia pembamba. Anayerudi hawezi kuubadilisha ubongo wa mwajiri, lakini anaweza kuweka alama nyingine mezani iliyo mpya kuliko ile.

Zipo kazi ambazo kosa la mtu mmoja huua, na hizo ndizo zimeweka utaratibu wa haki zaidi kwa wanaorudi. Chini ya sheria za anga za Marekani, rubani haruhusiwi kubeba abiria kama hajaruka na kutua angalau mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita. Zikipita siku hizo, dawa yake inajulikana: aende akaruke na kutua mara 3 bila abiria, kisha arudi. Nchini Uingereza, baraza linalosajili wataalamu wa tiba ya viungo, wapiga picha za mionzi na wengine wa kundi hilo humtaka aliyekaa nje kati ya miaka 2 na 5 afanye siku 30 za kuhuisha ujuzi, na aliyezidisha miaka 5 afanye siku 60. Aliye nje chini ya miaka 2 hadaiwi siku hata moja. Sehemu ya siku hizo, isiyozidi nusu, inaweza kuwa ya kujisomea.

Hizi ni kazi za kushika roho za watu, na bado pengo linahesabiwa kwa siku, linafidiwa, linafungwa. Hakuna anayemuuliza rubani kama bado anaipenda kazi yake. Ofisini, ambako kosa la wiki ya kwanza hurekebishwa kwa kufuta na kuandika upya, ndiko mtu hutiliwa shaka bila kuambiwa afanye nini ili shaka iondoke. Kazi isiyo na kipimo cha namna hii humwachia mwombaji mzigo wa kujiwekea kipimo mwenyewe, na nadhani afanye hivyo bila kungoja. Ajiwekee siku zake 30 au 60 zenye kazi inayoonekana.

Neno "inayoonekana" nalitilia mkazo. Ushahidi mzuri una sifa hizi: ni wa hivi karibuni, umefanywa kwa ajili ya mtu mwingine, na mtu huyo anaweza kupigiwa simu. Cheti cha kozi ya intaneti kina sifa ya kwanza tu. Dada alijitolea kwa miezi 3 kwenye shirika dogo la hisani ambalo hesabu zake zilikuwa kwenye bahasha na risiti zilizofifia. Alizipanga, akazifunga, zikapita kwa mkaguzi. Kurasa 14. Kazi ndogo ukiilinganisha na alizowahi kufanya, lakini ilikuwa na tarehe ya mwaka huu na sahihi ya mtu aliye hai. Kama kazi yako ina leseni, huisha leseni kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa bila hiyo maombi yako huwekwa kando kabla hayajasomwa.

Kuhusu CV yenyewe, kuna ushauri wenye ushahidi nyuma yake. Ariella Kristal na wenzake walifanya jaribio Uingereza wakituma maombi zaidi ya 9,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Badala ya kuandika tarehe za kuanza na kumaliza kila kazi, baadhi ya CV ziliandika idadi ya miaka: "Mhasibu mwandamizi, miaka 6". CV hizo ziliitikiwa na waajiri kwa takriban asilimia 15 zaidi ya zile zilizoonyesha pengo kwa tarehe, na asilimia 8 zaidi hata ya zile zisizo na pengo kabisa. Miaka ikiandikwa hivyo, jicho la msomaji hutua kwenye uzoefu kwanza.

Kuna atakayesema huko ni kuficha. Sioni hivyo, mradi ukiulizwa useme kweli. Kuficha ni kunyoosha tarehe ili kazi mbili zigusane, na hilo hugundulika pale mwajiri anapopiga simu kwa mdhamini. Ukipenda uwazi zaidi, andika mstari mmoja: miaka, na sababu kwa maneno machache. Tangu 2022 hata LinkedIn, mtandao wa watafuta kazi na waajiri, ina sehemu maalumu ya kuandika kipindi cha kukaa nje ya kazi, na sababu yake.

Kwenye usaili, wanaorudi hujiponza kwa kujieleza sana. Swali linakuja, "Naona miaka hii hukuwa kazini," na mtu anaanza kujiumauma, anaomba radhi, anasimulia ugonjwa wa mama tangu siku ya kwanza hospitalini. Dada alifanya hivyo kwenye usaili wa kwanza, akatoka amechoka kama aliyehukumiwa. Kwa usaili wa pili tulifanya mazoezi mpaka jibu likawa hili: "Niliacha kazi ili kumuuguza mama na kulea watoto. Kwa sasa nyumbani kuna utaratibu. Tangu mwezi wa pili nimefunga hesabu za shirika hili, na nimekuja nazo." Kisha anaweka zile kurasa 14 mezani. Sentensi ya kati inajibu hofu ya utayari ambayo mwajiri haitamki. Ya mwisho inahamisha mazungumzo yaende kwenye kazi. Wasaili walitumia dakika zilizobaki wakiuliza habari za risiti zilizofifia.

Wadhamini nao hutafutwa. Mmarekani Carol Fishman Cohen, aliyerudi kwenye kazi ya fedha baada ya miaka 11 nyumbani na tangu hapo amekuwa akiwasaidia wengine kurudi, husisitiza jambo ambalo limewapa watu wengi nguvu: waliofanya kazi na wewe wanakukumbuka ulivyokuwa siku uliyoondoka. Wewe umejiona ukipungua mwaka hadi mwaka, wao hawakuona. Dada alimwandikia mwenzake wa zamani akiwa na aibu ya miaka 9 ya ukimya. Jibu lilikuja siku hiyohiyo: "Wewe ndiye uliyenifundisha kulinganisha hesabu za benki. Namba yangu mpe mtu yeyote."

Mlango mwingine ni programu za kurejea kazini. Benki ya Goldman Sachs ya Marekani ilianzisha ya kwake mwaka 2008, na kampuni nyingine kubwa zikafuata: mkataba mfupi wenye malipo, kazi halisi, msimamizi, na mwisho wake pande zote mbili huamua kama wanaendelea. Naupenda mpango huu kwa kuwa unazalisha ushahidi na kuujaribu papo hapo. Lakini mtu aulize kabla ya kusaini: nalipwa? Waliopita hapa kabla yangu, wangapi waliajiriwa? Asiyeweza kujibu la pili anatafuta nguvu kazi ya bei nafuu.

Fedha ni sehemu inayouma, na sitaipaka sukari. Utafiti wa Sylvia Ann Hewlett na Carolyn Buck Luce wa mwaka 2005, uliowahoji wanawake wa Marekani wenye elimu ya juu, ulikuta kwamba kukaa nje kuliwapunguzia uwezo wa kipato kwa asilimia 18 kwa wastani, na kwa waliokaa miaka 3 au zaidi ilifika asilimia 37. Ndiyo maana namsihi anayerudi asitaje mshahara wake wa mwisho kama kipimo. Mfumuko wa bei umeula, na ukiutaja unamkabidhi mwajiri sababu ya kukulipa kwa bei za zamani. Uliza nafasi hiyo inalipwa kiasi gani leo. Ikibidi kuanza chini, yaandikwe kwenye mkataba kwamba mshahara utatazamwa upya baada ya miezi 6, kwa sababu ndicho kipindi ambacho ujuzi wako utakuwa unapanda kwa kasi.

Na sheria? Haifiki mbali. Mkataba wa ILO namba 183 wa mwaka 2000 unampa mwanamke aliyetoka likizo ya uzazi, isiyopungua wiki 14, haki ya kurudi kwenye nafasi yake au inayolingana nayo kwa malipo yaleyale, katika nchi zilizouridhia. Anayeacha kazi akakaa miaka hana kinga hiyo. Mkataba namba 156 wa mwaka 1981, ibara ya 7, unazitaka nchi ziweke mwongozo na mafunzo ya kuwasaidia wenye majukumu ya familia kurudi kazini. Haumpi mtu kiti.

Kuna jambo ambalo washauri wa CV hawaligusi: kurudi huvunjikia nyumbani mara nyingi kuliko ofisini. Kazi uliyokuwa ukiifanya nyumbani haikuisha siku uliyopata barua ya ajira. Kama haijapata mikono mingine, utaifanya usiku, na ndani ya miezi michache utachoka hadi uamini kwamba kweli umepitwa. Kabla dada hajatuma maombi hata moja, tulikaa ndugu wote wanne tukagawana siku za mama kwa maandishi. Ule mjadala ulikuwa mgumu kuliko usaili wowote. Mimi nilichukua Jumanne na Alhamisi, na naona haya kwamba ilichukua miaka 9.

Alianza kazi chini ya msimamizi aliye mdogo kwake kwa miaka 12. Kijana alikuwa akimwita dada, naye akimwita bosi, na mwezi wa kwanza dada alimuuliza maswali mengi, yote akiyaandika kwenye daftari ili asirudie swali. Mwezi wa tatu kijana alikuja na jedwali la mikataba ya kupanga lisilolingana, akakaa kwenye kiti cha pembeni, akasema, "Dada, hebu nitazamie hapa." Mwaka ulipoisha tuliifungua tena ile CV. Tulishuka moja kwa moja hadi chini, kwenye wadhamini, tukaandika jina la kijana yule, cheo chake, na namba ya simu. Dada akaipiga palepale kuhakikisha inapatikana.